Ridhaa na Deni: Mwigizaji wa Mwaka 1929 na Watu wa Kilombero

Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Kauli hiyo haina utata pale deni linapokuwa la fedha au la kibaba cha mchele: mdai anajulikana, mdaiwa anajulikana, na kiasi kinahesabika. Utata huanza pale mtu anapotoa kitu kisichopimika kwa mizani. Ziko kazi ambazo chombo chake si jembe wala kalamu. Chombo chake ni ngozi ya mtu, damu yake na uzima wake. Mwenye kazi humwendea mtu huyo, humweleza haja yake, naye husema ndiyo. Hupewa ujira. Kazi hukamilika na kuwafaa wengi. Je, baada ya hapo kumesalia deni lolote, au ile ndiyo yake imekwisha kulifuta?

Swali hili huulizwa sana na wanasheria na matabibu. Lakini ni swali la wasanii pia, maana sanaa nayo hula miili ya watu: ya waimbaji, ya wachezaji, ya waigizaji, na ya wale wasimamao nyuma yao wakibeba mizigo. Mahali ambapo swali hili limeishi kwa muda mrefu, pasi na kelele, ni Ifakara, katika bonde la Kilombero. Na mtu ambaye maisha yake yanalifafanua vyema ni mwigizaji wa sinema wa Marekani aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1929 akiwa mzima, akarudi kwao mgonjwa. Njia yake haikupita Ifakara. Kinachomkutanisha na watu wa Kilombero ni tendo moja walilolitenda wote, kila mmoja kwa sababu yake: kuuacha mwili wazi kwa ajili ya kazi ya wengine.

Ifakara imekaa mkoani Morogoro, katika tambarare pana iliyobanwa baina ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge. Mto Kilombero huijaza tambarare hiyo maji wakati wa masika, kisha hurudi mkondoni mwake na kuacha udongo wenye rutuba. Hapo ndipo Wandamba, Wambunga, Wapogoro na wengine waliohamia baadaye wanapolima mpunga. Msimu wa kilimo ukiwadia, familia nyingi huondoka vijijini na kwenda kuishi katika vibanda vya mashambani, mbali na zahanati, ili kuilinda mimea yao na ndege na wanyama. Maji yaleyale yanayootesha mpunga ndiyo yanayozaa mbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba katika kijiji cha Namawala mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Kina mama wa huko, kama kina mama wa pwani, walikuwa na neno lao kwa ugonjwa unaomkakamaza mtoto na kumgeuza macho: degedege.

Elimu ya maradhi hayo ilianza kutafutwa mapema bondeni. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara ndogo mjini Ifakara, ambako wamisionari Wakapuchini walikuwa na hospitali yao ya Mtakatifu Fransisko. Maabara ile ndiyo iliyokua mpaka ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo hutajwa kila mahali duniani malaria inapojadiliwa. Lakini maabara haiwezi kumjua mbu bila kumpata, na kwa miaka mingi njia iliyoaminika kuliko zote ya kumpata mbu apendaye damu ya binadamu ilikuwa ni binadamu mwenyewe. Mtu aliyekubali huketi kitini usiku, ndani ya nyumba au uani, suruali ameikunja mpaka magotini. Mkononi ana tochi na mrija wa kufyonzea. Mbu akitua mguuni, humfyonza kabla hajauma na kumtia kikombeni. Hufanya hivyo saa baada ya saa mpaka alfajiri. Hupewa dawa ya kinga, hupimwa afya, na hulipwa posho. Wapo mbu anaowawahi, na wapo wanaomwahi yeye.

Kutokana na miguu ile iliyoachwa wazi, na kutokana na mitego iliyolinganishwa nayo, ndipo ilipojulikana ni mbu wa aina gani anayeuma bondeni, huuma saa ngapi, na huuma wapi zaidi, ndani au nje. Bila maarifa hayo chandarua kingetundikwa kwa kubahatisha. Ni kazi ya heshima, na ni kazi ngeni kwa namna yake: mtu anajifanya chambo ili majirani zake wasiliwe.

Hadithi ya pili inaanzia mbali, katika mji wa Provo, jimbo la Utah. Huko alizaliwa mwaka 1904 msichana aliyeitwa Josephine Constance Woodruff. Alipoingia katika sinema alilivaa jina jingine, Edwina Booth, kwa desturi ya zama hizo ya kumtafutia mwigizaji jina litakalosomeka vizuri kwenye tangazo. Alikuwa ameonekana katika filamu chache tu, na katika sehemu ndogo ndogo, pale kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilipomchagua kuwa mwanamke mkuu katika filamu ya Trader Horn. Filamu hiyo ilitokana na kitabu cha mwaka 1927, kumbukumbu za mfanyabiashara aitwaye Alfred Aloysius Horn zilizotengenezwa kwa msaada wa mwandishi Ethelreda Lewis. Kampuni iliamua kufanya jambo ambalo studio za Hollywood zilikuwa hazijalizoea: kuwapeleka waigizaji wenyewe Afrika, badala ya kujenga Afrika ya mbao na turubai huko California.

Msafara ulishuka Mombasa mwaka 1929, ukiongozwa na mwongozaji W. S. Van Dyke. Kwa muda wa miezi saba hivi ulipiga picha katika nchi za Afrika Mashariki na Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, ukafika mpaka maporomoko ya Murchison huko Uganda. Pamoja na Booth walikuwamo waigizaji Harry Carey na Duncan Renaldo. Yeye aliigiza kama Nina, binti wa mmisionari aliyepotea utotoni na kukulia miongoni mwa watu wa msituni, ambao katika filamu wanamwabudu kama mungu. Ni kisa cha kikoloni kisicho na haya: ngozi nyeupe yatosha kumfanya mtoto aliyepotea awe mtawala wa waliomlea. Lakini kisa hichohicho ndicho kilichomdhuru aliyekiigiza. Ili ngozi ile ionekane na watazamaji, ilibidi iachwe wazi. Wanaume wa filamu walivaa mashati na kofia. Yeye alivaa kivazi kidogo, katika jua la ikweta, katika nyasi na wadudu.

Aliugua hukohuko, akarejea Marekani akiwa mgonjwa. Masimulizi ya ugonjwa wake yanataja homa, kuchomwa na jua, na malaria miongoni mwa maradhi mengine. Filamu ilionyeshwa mwaka 1931, ikapendwa mno na watazamaji, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora. Booth aliishitaki kampuni akidai zaidi ya dola milioni moja, kwa hoja kwamba hakupewa kinga ya kutosha. Shauri liliishia kwa maafikiano nje ya mahakama. Alicheza filamu nyingine chache, zikiwemo The Vanishing Legion ya mwaka 1931 na The Last of the Mohicans ya mwaka 1932, zilizotengenezwa na kampuni ndogo na kuonyeshwa kwa vipande vya wiki hadi wiki. Kisha akaiacha sinema. Uvumi ulienea kwamba amekufa kwa maradhi ya msituni. Hakuwa amekufa. Aliishi kimya, mbali na studio, mpaka mwaka 1991.

Kuna jambo moja katika mkasa huu ambalo msomaji atalizingatia. Mwaka 1932, wakati mwigizaji yule yu karibu kuondoka katika sinema, kampuni ileile na mwongozaji yuleyule walitoa filamu ya Tarzan the Ape Man, na ndani yake walitumia picha zilizobaki kutoka safari ya Afrika. Mito ile, wanyama wale, watu wale waliopigwa picha wakipita, wote walirudi kazini bila kulipwa mara ya pili. Mwili huchoka na picha haichoki. Mkataba wa mwigizaji una tarehe ya mwisho. Faida ya mkataba huo haina tarehe. Ndiyo maana hesabu ya ujira, hata ikiwa sahihi siku ile ya kutia sahihi, huzidi kupotoka kadiri miaka inavyokwenda.

Hapa yupo atakayepinga, na pingamizi lake ni la haki kusikilizwa. Atasema: hakuna kazi isiyokula mwili. Baharia wa jahazi aliyefuata msimu mpaka Ghuba aliijua tufani kabla ya kuingia chomboni. Mzamia lulu alijua kwamba masikio na mapafu yake yatadhurika. Mwashi hupumua vumbi la chokaa maisha yake yote. Kila mmoja wao alikubali, akalipwa, akala na wanawe. Ikiwa kila ridhaa itafuatwa na deni lisilokwisha, basi hakuna atakayethubutu kumwajiri mwenzake, na wenye shida ndio watakaokuwa wa kwanza kukosa kazi. Aidha, kumwambia mtu mzima kwamba ndiyo yake haikutosha ni kumvunjia heshima, kana kwamba hakujua alichokuwa akikisema. Mtu wa Namawala aliyeikunja suruali yake si mtoto. Naye Edwina Booth alikuwa mwanamke mwenye akili zake, aliyeitaka nafasi ile na kuifurahia alipoipata.

Pingamizi hili lina ukweli, na sharti ukweli huo ubaki mahali pake: ridhaa ina thamani. Inatenganisha kazi na utumwa, na pwani hii yenye historia ya utumwa haiwezi kuidharau tofauti hiyo. Lakini ridhaa hufanya kazi moja tu. Humwondolea mwenye kazi hatia ya kuchukua kwa nguvu. Haimwondolei wajibu wa mambo yanayofuata baada ya kuchukua. Wahenga haohao walisema kwamba ahadi ni deni, na kila ridhaa hubeba ahadi mbili ndani yake: mmoja ameahidi kutoa, na mwingine ameahidi kumtunza anayetoa. Wa kwanza akishatimiza ahadi yake, ni ajabu kudai kwamba kwa kutimiza kwake amemfungulia mwenzake na ya pili.

Tena ipo tofauti baina ya hatari ya kazi na hatari iliyochaguliwa na mwajiri. Tufani haikuwekwa baharini na nahodha. Lakini kivazi cha Nina kiliwekwa na studio. Ulikuwapo uwezo wa kupunguza saa za juani, wa kumvika mwigizaji na kumfunika baina ya picha na picha, wa kumrudisha mjini homa ilipoanza. Kila mojawapo ya hayo lingegharimu fedha na siku. Pale mwenye kazi anapoweza kuipunguza hatari na asiipunguze, ridhaa ya mfanyakazi imechukua mzigo ambao haukuwa wake.

Na ridhaa nayo huulizwa katika hali fulani. Mwigizaji asiyejulikana, anayepewa nafasi ya kwanza kubwa ya maisha yake, husema ndiyo kabla ya swali kumalizika. Mkulima ambaye mpunga wake umechukuliwa na mafuriko husikia neno posho kwa masikio tofauti na ya mwenye ghala lililojaa. Hii haina maana kwamba ndiyo zao ni za uongo. Ina maana kwamba kadiri anayeulizwa alivyo na njia chache za kusema hapana, ndivyo anayeuliza anavyozidi kubeba dhamana.

Mpaka hapa huruma ya msomaji imekuwa kwa Edwina Booth, na anastahili huruma hiyo. Lakini huruma nayo yapaswa kuhojiwa, kwa kuwa ina tabia ya kwenda kule mwanga ulikoelekezwa. Masimulizi ya upigaji picha wa Trader Horn, yanayorudiwa tangu siku zile, yanawataja pia wafanyakazi wawili wa Kiafrika waliopoteza maisha, mmoja kwa mamba na mwingine kwa kifaru. Masimulizi hayo humtaja mamba, humtaja kifaru, humtaja mpiga picha aliyekuwa karibu. Majina ya waliokufa hayatajwi. Mwanamke aliyeugua akapona ana kesi, ana tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, ana uvumi na makanusho ya uvumi. Wanaume wawili waliokufa ni mstari mmoja katika hadithi ya ushujaa wa wengine. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, wasema Waswahili. Hapa wa mbali wamelia kwanza, na wamemlilia asiyekufa.

Hata wale wenyeji waliopata jina hawakufuatwa mbali. Mutia Omoolu, Mkenya, aliigiza kama Rencharo, mbeba bunduki wa Horn, na kwa macho ya wengi waliotazama filamu ile yeye ndiye mwenye utu kuliko wote ndani yake. Sehemu nyingine za filamu zilipohitaji kupigwa upya, alisafirishwa mpaka Hollywood. Jina lake lingali katika orodha ya waigizaji. Lakini hakuna studio iliyomfanya nyota, na filamu iliyofuata haikumwandikia kisa chake.

Mambo haya yanarudi Kilombero moja kwa moja. Ugonjwa uliotajwa magazetini kwa sababu ulimpata mwigizaji mmoja ndio uliokuwa ukizika watoto wa bonde kila masika, bila gazeti. Mbu hakubagua, masimulizi ndiyo yaliyobagua. Malaria ya msichana wa Utah iliitwa msiba na laana ya Afrika. Malaria ya mtoto wa shambani iliitwa hali ya kawaida ya mahali. Wala haitoshi kusema kwamba hayo yalikuwa mawazo ya wakoloni na yamepita. Kila tarakimu ya vifo inayosomwa leo bila mtu kushituka ina sehemu ya usingizi uleule.

Sinema ilipewa nafasi ya kujirekebisha, tena hapahapa Tanganyika. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Ulitengeneza filamu fupi za mafunzo, za afya, kilimo na kodi, na waigizaji wake wakawa wenyeji. Mojawapo ilihusu malaria ya watoto wachanga. Nyingine ilipigwa Kingolwira, karibu na mji wa Morogoro, katika njia hiyohiyo ambayo mtu huipita akielekea Mikumi, Kidatu na hatimaye Ifakara. Safari hii mwili wa Mwafrika haukuwa pambo nyuma ya mungu wa kizungu. Ulikuwa katikati ya picha. Lakini uliwekwa katikati kama somo. Mwigizaji alionyesha namna ya kuugua na namna ya kutii. Watengenezaji waliandika kitabu wakaeleza mitambo yao, gharama zao na matumaini yao. Walioigiza wamebaki nyuso tu.

Basi deni la namna hii hulipwaje? Bonde la Kilombero, bila kukusudia kuwa mwalimu wa wasanii, lina majibu ya aina tatu, na si yote yaliyo kamili.

Jibu la kwanza ni kwamba matunda ya kazi yawarudie walioitoa miili yao, na yawarudie wao kwanza. Kuanzia mwaka 1996 mradi wa vyandarua ulioitwa KINET ulienea katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ukiuza vyandarua na dawa ya kuvitia kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani ya vyandarua vilivyotiwa dawa walikuwa na nafasi ya kuishi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 27. Ushahidi wa bonde ukasaidia kuifungulia njia nchi nzima. Mwaka 2004 ulianza mpango wa Hati Punguzo, uliowawezesha wajawazito kupata chandarua kwa bei nafuu. Miguu iliyokunjuliwa suruali Namawala ilirejeshewa kitu, na kitu hicho kiliwafikia watoto wa miguu hiyo. Hili ndilo ambalo Metro-Goldwyn-Mayer haikuweza wala haikujaribu kulifanya. Watu wa Murchison hawakupata chochote kutokana na Trader Horn.

Jibu la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linahusu kazi isiyozaa matunda. Mwaka 1993 watoto wapatao 600 wa kijiji cha Idete, karibu na Ifakara, walishiriki katika majaribio ya chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, na matumaini yakapanda. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga, na chanjo ile ikaachwa. Je, watoto wa Idete hawadai kitu, maadam kazi haikufaulu? Mwenye akili ya duka atasema hawadai: hakuna faida ya kugawana. Lakini elimu hujengwa kwa milango iliyofungwa pia. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo ya RTS,S mnamo Oktoba 2021, baada ya majaribio yaliyofanyika Bagamoyo na Korogwe miongoni mwa sehemu nyingine za Afrika, njia ya kufika hapo ilikuwa imesafishwa na wengi ambao damu yao ilijibu hapana. Aliyetoa mkono wake kwa ajili ya jibu la hapana ametoa sawasawa na aliyetoa kwa ajili ya jibu la ndiyo.

Jibu la tatu ndilo lenye heshima kuliko yote: kuitafuta njia ambayo mtu anayefuata hatalazimika kutoa tena. Watafiti wa Ifakara waliona kwamba kuwaweka watu wakiwa chambo ni jambo lisilofaa kuendelea milele, wakabuni mtego wa hema. Mtu hulala ndani ya hema, harufu yake na pumzi yake humvuta mbu, na mbu hunaswa bila kusubiriwa juu ya ngozi. Maelezo ya mtego huo yalichapishwa mwaka 2009. Njia ya zamani haikutoweka yote, lakini nia imewekwa wazi, na nia hiyo ni aina ya malipo. Shukrani ya kweli kwa aliyeumia haiishii katika kumsifu kwa kuumia kwake. Hufika mpaka kuuondoa umuhimu wa maumivu yale. Sinema ilijifunza somo hili polepole sana, na mara nyingi baada ya kushitakiwa.

Lipo deni ambalo hata bonde la Kilombero halijalilipa, nalo ni la jina. Makala za kisayansi huwa na waandishi wengi waliotajwa mmoja mmoja, kisha mwishoni huwashukuru wanakijiji kwa jumla. Zipo sababu njema za kutowataja: siri ya mgonjwa ni amana, na jina la mtoto aliyechomwa sindano si la kutangazwa. Hata hivyo, aliyeketi kitini usiku kucha akikamata mbu si mgonjwa. Ni mfanyakazi wa elimu, na wengi wa namna yake wangependa wajukuu wao wajue hivyo.

Katika jambo hili washairi wa pwani wana la kusema. Utenzi wa Kiswahili una desturi ya kutofungwa kabla mtunzi hajajitaja, akaeleza ni nani, wa wapi, na mara nyingine ni nani aliyemwomba autunge. Si majivuno, ni hesabu inayofungwa mbele ya mashahidi. Mwaka 1928, mwaka mmoja kabla ya msafara wa Trader Horn kushuka Mombasa, Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Naye pia aliingia katika mtambo wa kampuni kubwa ya kigeni, na yamkini faida iliyopatikana kwa sauti yake haikugawanywa kwa usawa. Lakini jina alilojulikana nalo visiwani ndilo lililouzwa na santuri, na baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu mzima. Binti wa mfinyanzi wa Fumba akabaki mtu mwenye kisa, si sauti tu iliyonaswa. Edwina Booth alipewa jina la studio, na ulimwengu ukamzika angali hai. Waliofia mtoni na porini hawakupewa hata hilo.

Sanaa haiwezi kuacha kutumia miili ya watu; ikiacha, hakutakuwa na wimbo, ngoma wala picha. Elimu ya tiba nayo haiwezi. Kinachowezekana ni kuacha kuitumia ridhaa kama risiti. Anayetazama filamu ya zamani, anayesoma takwimu za malaria, anayelala salama ndani ya chandarua, kila mmoja ananufaika na mtu aliyekubali. Iko haki ya kuuliza juu ya mtu huyo maswali matatu. Alikuwa nani? Alikuwaje baada ya kazi kwisha? Na atakayehitajika kesho kwa kazi kama ile, je, ataumia vilevile? Maswali mawili ya kwanza hujibiwa na wenye kumbukumbu, na mengi ya majibu yake yamekwisha kupotea. La tatu lingali mikononi mwa walio hai.